Kipande cha Mkaguzi

Mimi nyama ya nguruwe sijawahi kuitia mdomoni. Naliweka jambo hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wakisikia nilivyougua, cha kwanza kukiangalia ni mdomo wangu. Dini haikunizuia. Kwetu ni ziwani, upande wa Liuli, na padri wetu mwenyewe akiletewa paja la nguruwe hakulirudisha. Ni harufu tu. Nilikulia kwenye harufu ya usipa, dagaa wa kwetu, unaokauka mchangani, na pua yangu ikaona inatosha.

Nikaolewa milimani, Mbinga, kwa watu wa kahawa. Siku ya kwanza kuwapikia wakwe nilipewa nyama ya nguruwe, nikaichemsha kama nilivyofundishwa kuchemsha kila kitu. Mama yangu alikuwa na sheria moja jikoni: samaki hatoki motoni mpaka jicho liwe jeupe kama chaki na nyama iachie mfupa yenyewe. Basi nguruwe yule nilimweka motoni asubuhi nikamtoa jua limeshapinduka. Mume wangu akatafuna, akatafuna, akasema mbele ya ndugu zake wote:

"Huyu mmenitolea wapi? Kachemsha nguruwe mpaka nguruwe kasahau kwamba alikuwa nguruwe."

Wakacheka. Wakacheka kwa miaka. Wifi yangu, dada yake mkubwa, kila akipita jikoni kwangu aliuliza kama ninachopika ni chakula au ni kiatu. Moto sikuupunguza.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa kahawa kwenye chama cha ushirika cha kijiji. Kuandika aliandika karani. Kazi yake yeye ilikuwa kuingiza mkono kwenye gunia, kutoa punje moja, kuiuma. Ikilia chini ya jino, imekauka, ipite. Ikibonyea, mwenyewe abebe gunia lake akaanike tena. Watu walimwogopa kwa ajili ya meno yake. Mwanamume mzima, mwenye wake wawili, anasimama kimya kusubiri jino la mume wangu liseme.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu anunue na kuuza apendavyo. Wanunuzi binafsi wakapanda milima na malori yao, wakanunua kahawa mbichi, kavu, yenye maganda, yenye mawe. Hakuna aliyeuma punje. Chama kikabaki jengo lenye kufuli, na mume wangu akabaki na meno yasiyo na kazi.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyotuletea vilabu vya nyama. Kabla yake nguruwe alichinjwa Krismasi na harusini, na bwana mifugo akaja kumtazama. Sasa kila Jumamosi ya msimu wa kahawa nguruwe anachinjwa njia panda, wanunuzi wanakula huku mizani inawasubiri garini, na bwana mifugo, mmoja na baiskeli yake, hawezi kuwa kila njia panda siku moja. Watu wakaulizana, nani atatukagulia? Na hapa kwangu nina mtu mzima, amezoea kukagua, hana cha kukagua.

Kazi yenyewe aliijua tangu kwa baba yake. Nguruwe analazwa ubavu, miguu imefungwa, fimbo inapitishwa mdomoni asiume. Mkaguzi anapiga magoti, anauvuta ulimi kwa kitambaa, anapitisha dole gumba chini yake polepole, kutoka shina mpaka ncha. Akikuta vinundu vidogo, vyeupe, vinavyoteleza chini ya ngozi, anasema, "Ana mchele." Nguruwe wa hivyo haliwi. Ndivyo ilivyotakiwa, ingawa katika miaka yangu yote milimani sikuwahi kuona mtu akimfukia. Asipokuta kitu anampiga kofi la shavu, anasema, "Safi."

Sikatai, alikuwa mwaminifu. Wapo waliotumbua zile punje kwa mwiba wa mchungwa siku moja kabla ili ulimi uwe laini. Aliwakamata kwa makovu. Mmoja alimletea nguruwe yuleyule mara tatu, na kila mara anaapa kuwa ni mwingine.

"Ndugu yangu," mume wangu akamwambia, "huyu sikio lake nalijua kuliko la kwako."

Lakini ulimi haukuwatosha watu. Waliokuwa wanamwamini kwa meno walitaka kuona meno. Ndipo kikaanza kipande cha mkaguzi. Nguruwe akishachinjwa, kabla kilo ya kwanza haijakatwa, kinatolewa kipande cha shingo kinatupwa juu ya makaa. Si kwamba kiive. Kibadilike rangi tu, nje. Mkaguzi anakichovya kwenye chumvi, anakula mbele ya watu wote, damu inamshuka mpaka kwenye kiwiko, na watu wameinua shingo kutazama koo lake likimeza. Akishameza, biashara inafunguliwa.

"Angekuwa na ubaya asingemla," watu wanaambiana, wanapanga foleni.

Na ni kweli, hakuna aliyeanguka pale njia panda. Kwa watu wengi usalama wa chakula maana yake ni hiyo, kwamba mtu hakufa kabla ya kunawa mikono.

Nilimwambia mara moja.

"Baba, nyama ile wanayokupa ni mbichi."

"Si mbichi, imeuona moto."

"Imeuona kama mimi ninavyomwona askofu. Kwa mbali."

"Mke wangu, nyie wa ziwani mtatufundisha nini? Mnakula usipa na macho yake, na alichokula jana bado kiko tumboni mwake."

Hapo alinipata. Tulipokuwa wadogo tuliuchota usipa palepale unapokaukia, nusu mkavu nusu mbichi, tukatafuna tukiwa tunawafukuza kunguru. Mama akitukuta anatuchapa, lakini hakutukuta kila siku. Na siku zilivyokwenda, nilianza hata kuona fahari kidogo. Nikipita sokoni wanawake wananipisha: mke wa mkaguzi huyo.

Sasa niseme nyumba yangu ilivyokuwa, maana nayo niliionea fahari.

Maji tulichota bondeni tukayapandisha mlima kichwani, kwa hiyo tone halikumwagwa ovyo. Kabla ya kula watu walinawa kwenye beseni moja, na beseni lilikuwa na utaratibu. Baba kwanza. Kisha wanangu wa kiume, kisha mabinti, kisha mimi, mwisho kabisa, kwa heshima. Mtoto akimtangulia baba yake kuingiza mkono nilimpiga kwa mwiko. Maji yakishapita mikono yote sikuyamwaga. Niliyachanganya na pumba na maganda ya viazi nikampelekea nguruwe bandani. Kwangu kitu hakikupotea. Wageni walisema hadharani, mwanamke wa ziwani huyu ana adabu.

Choo tulikuwa nacho, kizuri, nyuma ya migomba, kina mlango na mfuniko. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akileta watu wakitazame. Mume wangu alikitumia akiwa nyumbani. Lakini mchana kutwa alikuwa shamba, ng'ambo ya mlima, kwenye ngoro. Kwa asiyejua, ngoro ni kilimo cha wenyeji wa huku: mlima mzima unachimbwa mashimo, moja karibu na jingine, ukitazama toka mbali unadhani ni sega la nyuki. Mazao yanakaa kwenye kingo, maji ya mvua yanatulia shimoni, udongo hauporomoki. Sasa mwanamume yuko huko, shimo liko tayari mbele yake, majani yapo, udongo wa kufunika upo. Nani apande mlima kurudi nyumbani kwa ajili ya choo?

"Ni mbolea," alisema mume wangu. Wanaume wote walisema hivyo.

Na mavuno yakiisha nguruwe wanafunguliwa wazunguke kwenye ngoro wajitafutie. Hilo nalo tulilisifu. Tulisema nguruwe anasafisha shamba.

Mara ya kwanza kuanguka nilikuwa nasonga ugali. Nakumbuka mwiko uko mkononi. Kisha nakumbuka paa. Katikati hapana kitu. Nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikataka kumkaripia binti yangu kwamba ameacha chungu, ndipo nikaona wanauvuta mkono wangu wa kushoto kutoka kwenye mafiga.

Mara ya pili ilikuwa kanisani, watu wamepiga magoti, kimya, mimi ndiye niliyevunja kimya kile. Mara ya tatu bondeni kwenye maji. Binti yangu alinitoa uso ukiwa ndani ya kijito, maji yasiyofika hata goti, akalia njia nzima kurudi nyumbani, na mimi nikimwambia anyamaze, watu watasikia. Walikuwa wameshasikia.

Huku kuanguka hakuitwi ugonjwa. Kunaitwa jambo. Aliyeanguka akitokwa na povu watu wanasogea mbali, wanaogopa povu, na anayeungua motoni anaungua mpaka atokee ndugu wa damu. Wifi yangu alikuwa na maelezo tayari.

"Hayo ni mambo ya ziwani," akasema. "Sisi milimani hatuanguki. Kaja nayo toka kwao, yalikuwa yamelala."

"Yamelala miaka yote hii ya ndoa?" nikamuuliza. "Basi ni mavivu."

Hakucheka. Wakaitisha kikao sebuleni kwangu, wakakalia viti vyangu. Shemeji mkubwa, kaka wa mume wangu, ndiye aliyeongea.

"Shemeji, hapa hakuna anayekufukuza."

"Kumbe wazo la kufukuza lilikuwepo?"

"Tunakupumzisha tu. Moto usiukaribie. Maji usiyafuate. Dada atakuja kupika. Kahawa ikishavunwa, tutakusindikiza kwa heshima kwa wazazi wako, ukae huko ukitazamwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapojulikana."

Mwanamke wa milimani akiambiwa apumzike ajue amekwisha. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama miguu ya meza kama vile nayo inataka kukaguliwa.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi sijasema kitu."

"Nimesikia."

Kesho yake wifi akaingia jikoni kwangu na kanga yake ya kupikia. Nikakalishwa kwenye mkeka nje, mbali na moto, kama mahindi ya kuanikwa. Nilimsikia akiuliza watoto chumvi iko wapi. Akapika nyama nusu saa, akaipakua inang'aa. Watoto wakala, wakasifu, na mimi nilihesabu: kahawa ilikuwa imeanza kuiva pembeni mwa shamba, na malori ya kwanza yameshapanda. Miezi miwili kahawa iishe kuvunwa. Labda na nusu.

Nikamwambia mume wangu jambo moja tu. "Kabla hujanisindikiza kwetu, nisindikize hospitali. Nguruwe anayekwenda kufa unampigia magoti kumtazama. Na mimi nitazamwe."

Siku ya tatu akasema gari la wanunuzi linashuka asubuhi, nijiandae.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwembamba, sauti yake haifiki dirishani. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akaniuliza mambo mengi: nilianza lini, ulimi nauma, kichwa kinauma, kwetu kuna mwingine anayeanguka. Kisha akauliza:

"Mama, unakula nyama ya nguruwe?"

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. "Sijawahi. Tangu nizaliwe. Muulize huyu."

"Hajawahi," mume wangu akasema. "Na anayotupikia sisi, daktari, hata mdudu wa chuma hawezi kubaki."

Daktari akatabasamu kidogo. Akaushika mkono wangu, ule wenye kovu la moto, akaanza kuupapasa kutoka bega kushuka. Akasimama. Akarudi juu kidogo. Akasimama tena.

"Hivi vinundu, mama, unavyo tangu lini?"

Nilivijua. Vilikuwepo, vinne au vitano, vidogo, haviumi. Nilidhani ni uzee.

"Baba," daktari akamwambia mume wangu, "hebu njoo ushike hapa."

"Mimi si daktari."

"Shika tu."

Akasogea. Akaweka dole gumba lake mkononi mwangu, akalipitisha polepole. Mimi nilikuwa nautazama uso wake, kwa hiyo niliona. Uso ule niliujua. Ndio aliokuwa nao njia panda, magoti chini, watu wote wamenyamaza, kabla ya kutamka. Dole gumba likasimama. Likateleza, likarudi, likasimama tena. Miaka yote ya ndoa mkono huu ameushika, na hakuwahi kuupapasa kama anavyopapasa ulimi wa nguruwe wa watu.

"Haya sema," nikamwambia. "Sema kama unavyosema kule."

Hakutaka. Daktari akamsubiri. Mwishowe akasema, chini chini, kama anaungama:

"Ana mchele."

Walikipasua kinundu kimoja, kidogo tu, kwa sindano ya ganzi. Kikatoka kitu cheupe, kina maji ndani, sawasawa na punje ile ile. Daktari akakiweka kwenye kisahani. Tukakitazama wote watatu, na mimi, ambaye kuangalia nguruwe akipasuliwa kulinishinda, nikatazama yangu.

Akatueleza taratibu. Anayekula nyama yenye punje hizo haijaiva, mnyoo unaota tumboni mwake, mrefu, bapa, na mwenyewe anaweza asijue kitu. Mnyoo unataga mayai, yanatoka na haja kubwa. Nguruwe akiyala, yanamwota mwilini, ndio mchele. Mtu naye akiyameza, kwenye maji, kwenye mkono mchafu, yanamwota vilevile: kwenye mkono, kwenye jicho, kwenye ubongo. Yakikaa kwenye ubongo mtu anaanguka.

"Kwa hiyo mama hukuyapata kwa kula nguruwe," akasema. "Umeyapata kwa mtu mwenye mnyoo. Mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Kwenu mnanawaje mikono?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari kabla akili haijanifika, baba kwanza, mimi mwisho, maji nampa nguruwe. Nikafika kwenye neno nguruwe nikasikia sauti yangu mwenyewe.

Daktari akamgeukia mume wangu.

"Baba, chooni umewahi kuona vipande vyeupe, bapa, kama tambi?"

Mume wangu akatazama nje. "Vile?" akasema. "Vile nilidhani ni mafuta ya nguruwe."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kukagua nguruwe."

Wakampa dawa palepale, wakatuambia tusubiri hadi kesho. Kesho yake alikwenda choo cha hospitali akakaa muda mrefu. Alipotoka nikamuuliza, "Umeuona?"

"Ni kama kamba ya kufungia mbuzi," akasema. Akatembea hatua mbili. "Na zaidi."

Mimi nikapewa vidonge vya kuzuia kuanguka, nivimeze kila siku bila kuacha. Daktari hakuniahidi kupona. Alisema punje nyingine zitakufa zenyewe, nyingine zitachelewa, nisiukaribie moto nikiwa peke yangu. Alisema *peke yangu*. Neno hilo nililikunja nikaliweka vizuri, nikarudi nalo milimani.

Nyumbani hawakuelewa, au hawakutaka. Watoto walipewa dawa za minyoo, beseni nikalitoboa kitako nikapandia vitunguu, tukaanza kumiminiana maji kwa kata. Mume wangu akaenda shamba akachimba choo katikati ya ngoro, watu wakaja kumtazama: mtu ana mashimo elfu anachimba lingine. Lakini shemeji mkubwa alishikilia lake.

"Nguruwe ndiye anayeota mchele," alisema. "Mtu haoti mchele. Daktari mwenyewe ni mtoto. Kahawa ikishavunwa ataondoka, kama tulivyopanga." Na wifi aliendelea kupika, nyama yake inang'aa, mimi mkekani.

Nikamwambia mume wangu, "Mimi siwezi kwenda kuwaambia watu. Neno langu ni la mwanamke anayeanguka. La kwako ni la mkaguzi."

Jumamosi iliyofuata nikamfuata njia panda. Sikuwa na kawaida ya kwenda. Watu walikuwa wamejaa, wanunuzi wa kahawa wamekaa kwenye bampa la lori lao wakisubiri. Nguruwe akalazwa, ulimi ukavutwa, dole gumba likapita.

"Safi."

Akachinjwa. Kipande cha shingo kikatupwa kwenye makaa, kikafuka moshi kidogo, kikageuzwa mara moja, mkaguzi akanyooshewa pamoja na chumvi yake. Mume wangu hakunyoosha mkono.

"Rudisha," akasema. "Sili mpaka iive."

Mwenye nguruwe alikuwa bwana mnene aliyekuwa akinunua kahawa ya majirani na kuwauzia watu wa malori.

"Umesema safi!" akasema.

"Nimesema ulimi. Ndani sikuingia."

"Kama ni safi kula!"

"Ikiiva nitakula."

"Jamani," mmoja wa wanunuzi akasema, ameshashuka kwenye bampa, "kama mkaguzi mwenyewe haitaki, mimi nitaitakia nini?" Akaanza kufuta mikono ambayo hata haijashika nyama. Watu wa nyuma wakarudi hatua.

Ndivyo ilivyokuwa: miaka yote amekula nyama ya kumdhuru, watu wakaamini ni salama, siku ya kwanza anafanya la akili, wanaona amegundua sumu. Mwenye nguruwe akamsogelea.

"Unanivunjia biashara. Mkeo wa ziwani kakuharibu. Yeye aanguke, wewe uogope nyama!"

Mume wangu akageuka, akanitafuta kwenye watu. Uso ulikuwa umemshuka. Angeweza kukila. Kipande kimoja tu, na yote yangerudi yalivyokuwa, na mimi nikarudi ziwani. Alikitazama kweli, nilimwona.

"Mama," akasema, "naomba mkono."

Nikaenda nikampa. Akaipandisha nguo yangu mpaka begani, mbele ya watu wote, makovu ya moto na yote.

"Dada, njoo," akamwita wifi yangu, aliyekuwa amekuja kununua nyama. "Wewe umefuga nguruwe kabla mimi sijazaliwa. Pitisha kidole hapa."

"Mimi nishike mtu anayeanguka?"

"Shika. Au sema mbele ya watu hawa kwamba unaogopa."

Wifi yangu haogopi kusema uongo lakini anaogopa kuambiwa anaogopa. Akaja. Akaweka dole gumba kwa dharau. Akalipitisha. Likasimama. Akalitoa haraka akalifuta kwenye kanga yake, mara mbili, kisha akalirudisha tena, safari hii polepole.

"Mungu wangu," akasema. "Huyu mbona ana mchele."

"Na nguruwe hajawahi kula," mume wangu akasema, sasa kwa sauti ya ukaguzi, watu wote wanasikia. "Aliyekula ni mimi, hapahapa, mnanitazama. Nikampelekea nyumbani kwa mikono hii."

Shemeji mkubwa alikuwepo, amesimama na sahani yake. Aliitazama sahani.

Mwenye nguruwe ndiye aliyeuliza, maana nyama ilikuwa yake. "Sasa nifanyeje? Nguruwe mzima huyu!"

"Lete sufuria," nikasema.

"Nini?"

"Sufuria. Kubwa, yenye mfuniko. Na maji. Na huo moto uongezwe, hayo si makaa ya kupikia, hayo ni ya kuwashia sigara. Kata vipande vidogo, moto ufike katikati."

Wakaleta. Hakuna aliyenikumbusha kwamba nilipumzishwa. Nikapanga kuni, nikaweka nyama, nikachukua mwiko. Wanunuzi wakauliza itachukua muda gani, nikawaambia kahawa yao haitatembea. Mmoja akapiga honi. Nikafunika sufuria.

Tukangoja. Jua lilihama kutoka bega moja kwenda jingine. Watu walilalamika, wakakaa chini, wakazoea. Ilipoiva, niliipasua kwa mwiko, ndani hakuna wekundu hata wa kusingizia, nikampa mume wangu kipande cha mkaguzi kwenye sahani, na maji ya kumiminiwa kwanza. Akala. Akatafuna muda mrefu, watu wameinua shingo.

"Huyu," akasema, "amesahau kabisa."

Wakacheka, foleni ikapangwa.

Kahawa ilivunwa mwaka ule na hakuna aliyenisindikiza popote. Jumamosi za msimu nikawa nasimama njia panda kwenye sufuria. Nilianguka mara mbili zaidi katika miaka iliyofuata, ila si motoni. Kila nilipopika, wifi yangu alisimama nyuma yangu ameshika fundo la kanga yangu kiunoni kwa mkono mmoja, imara, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi, na kwa mkono wa pili ananionyesha sufuria.

"Imeiva hiyo, wifi, toa. Unatengeneza kiatu."

"Shika kanga," nilimwambia. "Sufuria niachie mimi."